Siku Kapteni Buresh Alipokuja Bila Bastola

Hapa Omaha watu wakiniona dukani bado wananong'onezana: ndiye huyo aliyemharibia Kapteni Buresh. Haya, ndiye mimi. Ardith Kucera, mkaguzi wa abiria uwanja wa ndege, na sijifichi. Ila hao wanaonisema wangekaa wao pale kwenye mkanda, kamera tatu zikiwatazama utosini, ningependa kuona wangefanya nini.

Emil Buresh alikuwa mtoto wa mfuga nguruwe kutoka Wilber. Alianza kwa kunyunyizia mahindi ya watu dawa kwa kindege cha kukodi, akaishia kurusha ndege za abiria miaka thelathini na moja. Mtu mpole, mbana matumizi, hatupi kitu. Alikuwa na mkoba mweusi wa ngozi, na kilichoingia humo hakikutoka tena.

Baada ya Septemba ile mbaya, magaidi walipoteka ndege, sheria zilitujia kama mvua. Tukaanza kuwanyang'anya watu mikasi ya kucha, marubani nao wamo. Emil alinyang'anywa miwili, na wa pili niliuchukua mimi. Akaniuliza kwa upole kabisa kama najua kwamba kule mbele, nyuma ya kiti chake, sheria inataka kuwe na shoka. Nikamwambia najua. Akauliza kama najua pia kwamba ndege nzima iko mikononi mwake. Nikamwambia avae viatu aende zake, foleni ni ndefu.

Kisha serikali ikageuka, ikasema marubani wanaotaka wapewe bastola. Emil akaenda jangwani New Mexico wiki nzima kufundishwa kulenga shabaha, akarudi na kitambulisho kipya na kisanduku chenye kufuli. Tangu siku hiyo hakupita kwangu tena. Alipita geti la pembeni: anaonyesha kitambulisho, anatia sahihi, anaingia na bastola yake. Mkoba hauguswi. Mimi niko hapa namvua bibi wa miaka themanini viatu, yeye ananipungia mkono kule. Miaka minne.

Wakati huo rubani akifika sitini ndio basi, haruki tena na abiria hata awe na macho ya kipanga. Emil alikuwa anatimiza sitini Ijumaa. Safari yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwenda Denver na kurudi. Kwa marubani siku hiyo ina desturi zake. Mke anakaa safu ya kwanza, na ndege ikirudi, magari ya zimamoto yanaimwagia maji huku na huku ipite katikati. Mzee aliisubiri siku hiyo kuliko alivyosubiri harusi yake, na mkewe mwenyewe ndiye aliyeniambia. Akiikosa, hakuna nyingine.

Sasa huyo mkewe, Lavonne, hajawahi kuchelewesha hata kitabu cha maktaba. Serikali iliandika kwamba bastola irudishwe kabla mhusika hajastaafu. Lavonne akamsimamia mumewe, ikarudishwa Jumatatu, wakapewa na risiti.

Kwa hiyo Alhamisi Emil akafika geti la pembeni, mkono tayari mfukoni, askari akamwambia, Kapteni, huna silaha leo, nenda kule kwa wenzako. Ndivyo ilivyokuwa: mwenye bastola apite, asiye na bastola avue viatu. Sikuitunga mimi hiyo sheria. Akaja kwangu na soksi zake, anacheka.

Lavonne alikuwa ameshapita zamani na boksi la kolachi, yale maandazi yetu ya Kicheki yenye plamu katikati, ya kuwagawia wahudumu wa ndege.

Nikafungua mkoba. Jamani! Mtu ambaye hajakaguliwa miaka minne hajui tena amebeba nini. Nikatoa kisu cha mfukoni. Nikatoa kizibuo cha mvinyo, bisibisi mbili, kiberiti cha gesi na yeye havuti, na chupa nzima ya jamu.

"Jamu nayo?" akaniuliza.

"Tangu Agosti jamu ni kimiminika, Kapteni."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaingiza mkono mfuko wa ndani, chini kabisa, nikashika kitu kizito cha baridi. Magazini ya akiba ya bastola, risasi kumi na mbili ndani. Alikuwa ameisahau humo.

Akaitazama. Nami nikaitazama. Risasi kwenye mkanda ni polisi, hakuna mjadala, na anayekutwa nazo habanduki hapo mpaka polisi wamalize.

"Dada Ardith," akasema polepole, "nimepita mbele yako na bastola miaka minne."

"Ulikuwa na kibali."

"Mtu si ni yule yule?"

"Mtu ni yule yule, Kapteni. Kibali ndicho hakipo."

Nikainua mkono, nikaita polisi. Angekuja na bastola, zile risasi zingekuwa halali yake.

Ofisa wa polisi aliandika kurasa nne kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Saa tatu na dakika kumi ilimkuta bado anauliza tarehe ya kuzaliwa. Shirika la ndege likamwita rubani wa akiba, kijana wa miaka thelathini na mbili. Lavonne, kwenye safu ya kwanza na boksi mapajani, akasikia sauti ya mtu mwingine ikiwasalimu abiria. Alipouliza, mlango ulikuwa umeshafungwa. Saa nne na nusu Emil akaambiwa hana kesi, yuko huru kwenda popote.

Hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la wanaopokea wageni na sare yake yote, kofia magotini. Nilimpelekea kahawa, akaipokea bila kuniangalia. Nilikaa naye kwa sababu sikuweza kuondoka.

Zimamoto hakuna aliyewaambia kwamba Kapteni hayumo. Saa nane ndege ikatua, magari yakamwaga maji juu kweli kweli, abiria wakapiga makofi, na kijana wa akiba akapita katikati bila kujua asherehekee nini. Emil alitazama yote kupitia kioo.

Lavonne akatoka wa kwanza, boksi tupu mkononi. Alinipita kama anapita nguzo. Akasimama mbele ya mumewe, akamnyoosha tai.

"Katua vizuri kuliko wewe, yule mtoto," akamwambia. "Hata kolachi haikudondoka."

Kapteni akacheka. Kisha akajifunika uso kwa kofia, akalia pale pale mbele ya watu, na Lavonne akakaa kati yetu mpaka alipomaliza.