Wadi Hushuka Jua Likiwaka

Harufu ya udongo uliorowa ikija na upepo, na juu hakuna hata wingu la kufunika sarafu, mtu wa Ibra, mji wetu wa Kiarabu chini ya milima, hukusanya vitu vyake akaondoka bondeni. Wageni hudhani tuna wazimu. Kumbe mvua imenyesha mbali, milimani, na maji yako njiani yanakuja kwenye wadi, lile bonde kavu la mawe ambalo karibu mwaka mzima watu huegesha magari ndani yake. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na sikuwa mtoto wa kunyamaza na ninachokijua.

Bibi yangu alikuja Ibra kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na hali ya hewa ya Unguja alikuja nayo. Kila mwezi wa nne alisubiri masika, akapata vumbi. Kiangazi kimoja nilikuwa na miaka tisa, tende zinakatwa, joto linapasua midomo, naye akaamua kuanika godoro lake la sufi, alilotoka nalo kwao. Uani petu pamejaa tende, basi tukalibeba wawili hadi kwenye wadi, tukalitandaza juu ya changarawe, akawa analikung'uta vumbi kwa fimbo. Alasiri nikainusa ile harufu.

"Bibi, tutoke. Wadi inashuka."

"Inashuka kutoka wapi? Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu. Mtu mzima hatishiwi nyau."

Niliogopa, nasema kweli. Kumburuta mkubwa kwa mkono kulikuwa utovu wa adabu wa kupigiwa. Nikamburuta. Alinigombeza njia nzima mpaka ukingoni. Bado tunahema, tukasikia mngurumo, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapinda kona yamebeba makuti, godoro likaenda nayo. Bibi hakulia. Alinitazama sana, kisha akasema, "Haya. Kesho nifundishe na mengine." Tangu hapo hakuanika hata kanga kabla ya kuniuliza, nami nikawa natembea mtaani kama kadhi.

Siku hizi onyo la wadi huja kwenye simu, na watoto wetu hawanusi kitu. Huwa nawacheka. Mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari kwenda Bidiya, nikafika penye kivuko cha wadi, kikavu, jua kali. Binti yangu wa miaka kumi akainua macho kutoka kwenye simu. "Mama, usivuke. Wadi inashuka." Nikashusha kioo, nikavuta pumzi, sikupata harufu yoyote. Jibu la kumnyamazisha lilikuwa tayari mdomoni. Iliniuma, sifichi. Miaka yote nimejisifu kwamba nilimwokoa Bibi, wala sijawahi kumsifu yeye, mtu mzima aliyepoteza godoro lake na bado akakubali kufundishwa na mtoto.

Nikageuza gari.