Tebo ya Tisa kwenye Mikono ya Baba

Mwandiko wangu unalala upande, na herufi nyingine nazichanganya, hasa l na r. Mnisamehe kabla hamjaanza kusoma. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo nitaandika jambo moja tu, la mdogo wangu na hesabu za kichwa.

Tulizaliwa Kilolo. Baba alikuwa mpasua mbao. Jioni, mama akisonga ugali, baba alitufundisha kujumlisha bila karatasi. Ikiwa ni nane na tano, alisema, "Nane amepungukiwa mbili afike kumi. Anaenda kwa jirani yake, tano, kuomba. Jirani anabaki na ngapi?"

"Tatu," tunasema.

"Basi ni kumi na tatu. Mmeona? Hakuna aliyelala njaa."

Tebo ya tisa aliifundisha kwa vidole. Mdogo wangu alikaa mbele yake, mgongo kwenye kifua chake, na baba alileta mikono yote miwili mbele, viganja vikiwaangalia. Unahesabu vidole kuanzia dole gumba la kushoto. Ukitaka tisa mara saba, unakunja kidole cha saba. Vilivyosimama kabla yake ni sita, hizo ni makumi. Vilivyobaki baada yake ni vitatu. Sitini na tatu.

Kidole cha nne cha baba hakikuwepo. Msumeno ulikichukua kabla sijaanza shule, kikabaki kigutu. Mdogo wangu hakuwahi kumjua baba mwenye vidole kumi. Kila alipokifikia, baba alisema, "Huyu yupo, amekaa tu. Mhesabu." Naye alikigusa kwa kidole chake na kukihesabu. Lakini tisa mara nne ilikuwa rahisi kuliko zote. Hakukuwa na cha kukunja. Vitatu, kisha sita. "Mikono yangu mimi imezaliwa thelathini na sita," baba alisema, na mama jikoni alicheka kila mara, ingawa alishaisikia.

Baba alifariki kipindi cha baridi, kwa kifua. Sikulia msibani. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, lakini sikuwa nimejikaza. Nilikuwa naosha vyombo, na maji yalikuwa ya baridi, basi. Baada ya matanga tulihamia Mbalizi kwa ndugu zake mama. Basi liliposimama Chimala mama alitununulia mahindi ya kuchemsha. Tulifika nayo Mbalizi hayajaliwa.

Nilipata kazi ya kumenya viazi kwenye mgahawa. Mdogo wangu aliingizwa darasa la tatu.

Pale shuleni kila asubuhi kuna hesabu za kichwa. Darasa zima linasimama. Mwalimu anauliza, anayepata anakaa. Vidole haviruhusiwi, kwa hiyo watoto wengine wanaingiza mikono ndani ya sweta. Mdogo wangu alikuwa anabaki amesimama mpaka wenzake wote wamekaa. Walimpa jina. Nilikuwa nawasikia bombani.

"Hamsini na Tatu, sogeza ndoo yako."

"Mwacheni, bado anatafuta jibu."

Mwalimu wake akaniita. Nilisimama mlangoni kwa sababu sipendi kuingia ofisi za watu.

"Shikamoo mwalimu," nilisema nikiangalia chini.

"Marahaba. Wewe ndiyo dada yake? Mbona na wewe unaongea na viatu?" Kisha akasema taratibu, "Kujumlisha anaweza. Lakini tebo ya tisa imemshinda. Tisa mara mbili anasema kumi na saba. Tisa mara saba, hamsini na tatu. Kila siku hivyohivyo. Tisa mara nne tu ndiyo anapata. Ijumaa nitampima. Akishindwa, namrudisha darasa la pili."

Nilimwambia mama. Aliendelea kuchambua maharage.

"Akirudishwa, atarudi Kilolo kwa shangazi yake," alisema. "Labda huku hakumfai."

"Na mimi?"

"Wewe si una kazi, mwanangu."

Niliitikia. Nilijua nitalala peke yangu kwenye kitanda tulichokuwa tunalala wote wawili, na nilijua kwamba hilo ni jambo la kuumiza, lakini lilikuwa kama kuumia kwa mtu mwingine.

Alhamisi jioni nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, mikono ndani ya sweta. Sweta lilikuwa linachezacheza. Nikamwambia, "Tisa mara saba."

"Hamsini na tatu."

"Nionyeshe mikono."

Alikataa. Nikalifunua sweta mwenyewe. Kidole cha saba alikuwa amekikunja, sawa. Lakini na kidole cha nne alikuwa amekikunja, amekibana kwenye kiganja mpaka kucha imeacha alama.

"Mbona hiki umekikunja?"

"Ndivyo mikono inavyokuwa."

"Sasa mbona hukihesabu? Baba alisema yupo, amekaa tu."

Alikiangalia muda mrefu. "Siku hizi hayupo," akasema.

Nilitaka kumtuma maji nikakumbuka ndoo imejaa. Nikaushika mkono wake na kukinyoosha kile kidole. Kilikuwa kigumu, kilirudi chenyewe. Nikakinyoosha tena na kukishikilia.

"Tisa mara saba."

"Sitini na tatu," alisema, akiangalia mlangoni.

Ijumaa niliomba ruhusa mgahawani, nikasimama nje ya dirisha la darasa. Walisimamishwa wote. Mwalimu alianza na yeye.

"Tisa mara saba."

Wenzake wakaanza kucheka kabla. Sweta likacheza kidogo.

"Sitini na tatu."

Kicheko kikaisha. "Tisa mara mbili?" Kumi na nane. "Tisa mara nane?" Sabini na mbili. "Tisa mara nne?" Hapo alichelewa. Nilidhani imepotea. Kisha akasema, "Thelathini na sita," kwa sauti ndogo sana, na mwalimu akamwambia kaa.

Nilirudi kumenya viazi. Nilingojea furaha, haikuja. Viazi viliisha, wakaleta vingine.

Jioni mama aliambiwa na hakusema lolote kuhusu Kilolo. Alimwongezea mboga tu. Kitandani mdogo wangu alinigusa.

"Dada, nilikisimamisha."

"Najua."

"Kwenye nne nilikikunja tena."

"Kwenye nne ndiyo unatakiwa kukikunja."

Akasema, "Na saba je? Wiki ijayo ni tebo ya saba."

Baba hakutufundisha njia ya saba. Sijui kama alikuwa nayo. Nimewauliza watu wa mgahawani, wanasema saba inakaririwa tu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unaijua njia ya saba, ya vidole au ya kuomba kwa jirani, tafadhali niandikie. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu, nitausoma.