Mi-ok Alivyounyoosha Wimbo wa Mama Yake

Ukitaka kumjua Gwak Mi-ok, mtazame mkono wa kulia. Sugu ya kalamu bado ipo kwenye kidole cha kati, tangu enzi za wino, alipokuwa akinakili nota za bendi za Seoul mpaka macho yanamtoka. Kompyuta zilipoingia, wenzake walinuna wakaacha kazi. Yeye alijifunza. Nota ikikaa vibaya unaibana kwa kipanya, unaiburuta juu au chini, inatulia kwenye mstari wake. Ukibonyeza, mashine inakupigia usikie. Alikuwa hodari, tena alijijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama yake, Chae Bun-rye, alikuwa kule Jindo, kisiwa cha vitunguu majani na wanawake wenye sauti. Alikuwa na wimbo wa kung'olea vitunguu aliorithi kwa mama mkwe wake, na wote waliouimba naye walikwisha kufa. Basi kampuni ya Mi-ok ilipopewa kazi ya kutengeneza kitabu cha nyimbo cha shule, Mi-ok akasema huu wa mama yangu lazima uingie. Akamrekodi mama kwenye simu yake, akakaa kwenye kompyuta.

Shida ilikuwa nota moja. Watu wa kusini, wa Jindo wakiwemo, wana nota wanayoivunja: sauti inaanzia juu, inaporomoka kwa kwikwi, haikai mstarini wala katikati ya mistari. Mi-ok akaiweka hapa, ikalia vibaya. Akaisogeza pale, ikalia vibaya zaidi. Akaongeza vinota vidogo na mikunjo juu yake. Bosi wake, Bwana Pyo, akachungulia begani.

"Bi Gwak, hizi nyayo za kunguru gani? Mtoto wa darasa la tatu atasoma nini hapo? Nyoosha tu. Wimbo ni wimbo."

Angeweza kubisha. Hakubisha. Aliiburuta ile nota hadi mstarini, na zote zilizofanana nayo, ukurasa ukawa safi. Na kibaya zaidi, akaupenda.

Sikukuu ya mavuno ilipofika alirudi kisiwani na kompyuta mgongoni. Mama alikuwa amekaa sakafuni anafinyanga vikeki vya mchele. Mi-ok akambonyezea wimbo. Mama akasikiliza hadi mwisho, unga mikononi.

"Nani huyo?"

"Ni wimbo wako, Mama. Ule wa vitunguu."

"Wangu? Toka hapa! Wangu unalia. Huyo kanywa dawa ya usingizi."

"Mama nawe! Hiyo ni mashine tu. Watoto wakiuimba utapendeza."

"Watoto wataimba ulichoandika wewe. Nani kakwambia ukikate kile kilio?"

"Bosi."

"Bendera hufuata upepo. Kumbe nimezaa bendera mimi!" Mama akacheka, lakini macho hayakucheka. Kisha akamshika kifundo cha mkono. "Mwanangu, irudishe ile sauti. Nikifa mimi hakuna mwingine. Na wewe kaa hapa siku chache, nikufundishe kwa mdomo."

"Nitairudisha. Mwaka mpya nakuja nijifunze, Mama. Naahidi."

Hakuirudisha. Aliufungua ukurasa ule Seoul, akaona ulivyopendeza, akaogopa kumsumbua Bwana Pyo, akaufunga. Kitabu kikachapwa. Simu yake ya zamani akaibadilisha dukani, sauti ya mama ikaenda nayo. Hakujali, si mama yupo? Mwaka mpya akawa na kazi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, ila hawakutuambia kwamba mjukuu huyo akishafika haondoki nyumbani.

Majira ya machipuko, Bun-rye alianguka shambani. Kiharusi. Mdomo ukaenda upande, maneno yakaisha. Wakamlaza kwenye nyumba ya wazee huko Mokpo, mji wa karibu, na hapo alikuwepo mama mmoja mwema wa kuwaimbisha wagonjwa, mwenye kile kitabu cha shule.

"Bibi Chae, huu si wimbo wa kwenu? Haya, tuimbe sote!"

Wazee wakaitikia kama ulivyoandikwa, laini, bila kilio. Bun-rye akageuza uso ukutani.

Mi-ok alikuwepo siku hiyo, akaona. Alisubiri watu watoke, akavuta kiti.

"Mama, nitakuimbia ule wako wenyewe."

Akafumba macho, akaanza vizuri. Alipofika kwenye ile nota, koo likaenda moja kwa moja mstarini, palepale alipoiweka yeye kwa kipanya. Akarudia. Ikawa vilevile. Wimbo aliousikia tangu yumo tumboni, jamani, leo anautafuta kooni haumo! Akarudia tena, sauti inamkauka, machozi yanamtiririka.

Mama yake akainua ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, polepole, akamziba mdomo.