Kidole cha Buluu cha Dada Radhia

Dada yangu Radhia hushona kola za mashati kiwandani hapa Sfax, siku sita kwa wiki, na Jumapili yake ya kupumzika aliimalizia kwenye foleni ya kupiga kura. Alikwenda na wanawe, Ines wa miaka sita na Yosri wa minne. Alipochovya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye wino, akawaonyesha.

"Mnaona? Kidole hiki ndicho kitakachotuletea bembea."

Hapo ndipo alipokosea. Bi Munjia, mkunga wa mtaa wetu, alikuwa anagombea udiwani, na aliahidi kuzoa taka za kiwanja kinachotazamana na nyumba ya mama tunamoishi sote, aweke bembea. Kuahidi ni rahisi. Lakini Radhia ni mtu wa kuamini. Mume alimkimbia, kiwanda kimemwachisha kazi mara mbili, na bado anaamini. Mimi husema siasa ni ya wenye matumbo makubwa, naye huniacha niseme.

Jumanne matokeo yakatoka. Bi Munjia alishindwa kwa kura tisa.

Radhia alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akakaa mkekani na mtandio wake kichwani. Nikammiminia chai, nikaanza kufoka: wezi wale, wajinga hawa, nchi imeoza.

"Sufiani, nipumzishe," akasema. "Nina watoto wa kuwaambia."

Akawaita. "Wanangu, Bi Munjia hakushinda. Bembea hatupati."

Yosri akaangua kilio. Ines alikishika kidole cha mama yake, akakisugua kwa mate.

"Mbona wino bado upo?"

"Upo, mama. Ila waliomtaka yule mwingine ni wengi kuliko sisi."

"Wengi wangapi?"

"Tisa."

Ines akahesabu kwa vidole, kikabaki kimoja. "Tisa ni kidogo. Sikukuu tunakuwa wengi zaidi hapa kwa bibi."

"Ni kidogo, ndiyo," Radhia akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Hapo mtoto akanigeukia. "Mjomba, na wewe lete kidole."

Jumapili nililala hadi adhuhuri, kisha nikaenda mkahawani kucheza karata. Dada aliponiuliza, nilimwambia nimeshapiga kura, na tangu hapo mkono wa kushoto nilikuwa nautembeza mfukoni. Sasa ulikuwa umeshika glasi ya chai, mbele ya macho yao wote.

"Nimenawa," nikasema.

"Mama anafua na kuosha vyombo kila siku. Wake haujatoka."

Nilimwangalia Radhia nikitaraji matusi, na kwa kweli niliyataka. Hakutukana. Alikitazama kidole changu safi, akakitazama chake, akashusha pumzi ndefu. Kumuona hivyo kuliniuma kuliko kofi.

"Mama," Ines akauliza, "mjomba ni mmoja wa wale tisa?"

"Hapana. Yeye alilala tu."

"Kwa nini?"

Radhia akajikongoja kuinuka, akachukua bakuli la unga.

"Hilo atawaeleza mwenyewe," akasema. "Mimi leo nimechoka."

Akaingia jikoni. Yosri akafuta kamasi, akaja kukaa karibu na dada yake, na wote wawili wakanitazama wakisubiri.