Yuko Maabara, Hayupo Kwenye Tovuti

Saa tano asubuhi, fundi wa maabara anainamia darubini, pumzi ameibana. Chini ya lenzi kuna yai moja. Sindano nyembamba kuliko unywele inalitoboa, inaacha humo mbegu moja ya mwanamume, inatoka. Hapo ndipo anapopumua.

Kabla ya hapo, yeye na mwenzake wamesoma jina la mgonjwa kwa sauti na kutia sahihi wote wawili. Katika kliniki ya uzazi, kijisahani chenye yai hakiguswi na mtu mmoja peke yake.

Mwenzake huyo ndiye anayemnyima usingizi. Ana miezi minane tu kazini, lakini ukifungua ukurasa wa “Timu Yetu” kwenye tovuti ya kliniki, ndiye anayekutazama: nywele zimeachiwa, midomo inang’aa, kijisahani kakiinua juu. Wafanyakazi wanamwita Bi Picha. Fundi, mwenye miaka kumi na moja hapo, hata jina lake halimo.

“Maabara hatuingii na manukato, yanadhuru viinitete, mayai yaliyokwisha kutungishwa,” anasema. “Yeye siku ya picha alinukia mpaka mapokezi! Na sahani haimulikwi kwenye taa kama noti bandia.”

Anacheka kidogo. “Namwonea wivu, mwandishi, andika tu.”

Mama mkwe naye alipekua tovuti hiyo kwenye simu. “Mwanangu, mpaka dereva nimemwona,” alimwambia. “Wewe uko wapi?”

Kilichomchoma zaidi ni cha mwezi uliopita. Mama mmoja alikuja kushukuru, mtoto wa wiki sita mkononi, akamrukia Bi Picha koridoni. “Ni wewe! Nilikuwa nakutazama kwenye simu kila siku!”

“Karibu sana, mama,” Bi Picha akajibu.

Yai la mama huyo lilitungishwa na fundi.

“Mimi nilishika mkoba wa mtoto,” anasema, sauti ikishuka. “Ili wakumbatiane vizuri.”

Baadaye Bi Picha alijitetea: “Dada, ningesemaje? Mama wa watu angeona aibu.”

“Ungesema, ‘Si mimi.’ Maneno mawili.”

Alhamisi hii picha za tovuti zinapigwa upya, na maabara imepewa nafasi moja tu. Kwa mara ya kwanza, fundi aligonga mlango wa meneja akaiomba. Alitaka apigwe akiwa na kofia na barakoa, kama anavyofanya kazi.

“Barakoa utavua, dada,” meneja alimwambia. “Wateja wanataka sura.”

Alikataa siku tatu. Jana akakubali.

“Nitavua. Wayaone na makunyanzi yangu. Mtu akija na mtoto wake, anitafute mimi.”

Na Bi Picha?

“Atoke. Amekaa pale vya kutosha.” Anavuta glavu mpya, kidole kimoja kimoja. “Kwenye meza ya maabara abaki. Mkono wake ni mwepesi kwenye sindano, hilo siwezi kumnyima.”