Ruhusa ya Ngazi ya Juu

Upuzi wangu ulikuwa huu: nilimwombea rafiki yangu ruhusa ya kwenda kuoa. Damu yote iliyofuata ilianzia hapo, na mimi nilikuwa nacheka.

Shule yetu ya bweni iko Tetu, imezungukwa na majani chai, na mwaka huo tulikuwa tumepewa kompyuta, zile za skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Mwalimu wa kompyuta, kijana mwenye tai moja tu duniani, alitengeneza programu ya kuandikisha ruhusa za Jumamosi. Alitueleza usalama wake kwa kuchora ngazi ubaoni. Chini wanafunzi, katikati walimu, juu diputi, naibu wa mwalimu mkuu. Aliye juu anaona ya chini. Aliye chini haoni ya juu, wala hata hapaswi kujua kama yapo. Nikamuuliza mpishi yuko ngazi gani, maana siri ya maharagwe yake hakuna aliyewahi kuiona. Mwalimu alicheka vizuri, halafu akanipigisha magoti kwenye kokoto mpaka kipindi kikaisha.

Wiki hiyo shule ilikuwa moto. Kidato cha nne walikuwa wamepanga kugoma kwa sababu ya wadudu kwenye maharagwe, na mtu akawachomea kwa diputi, akataja majina. Jumatano diputi aliwalaza viongozi wa mgomo mbele ya gwaride akawachapa. Fimbo ilipovunjika, akaendelea na nyahunyo. Nahodha wa raga ndiye aliyepigwa zaidi. Tangu siku hiyo alikula akiwa amesimama, akituangalia mmoja mmoja, anatafuta mdomo uliosema.

Ijumaa, zamu yetu ya kompyuta, niliandika jina la rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Siku: Jumamosi. Sababu: kwenda kuoa. Nilitaka diputi alisome gwarideni, basi. Lakini kompyuta ikakataa. Ikasema mtu huyu ana ruhusa ya Jumamosi tayari. Nikatafuta kwenye skrini ruhusa yenyewe, hakuna. Nikajaribu jina langu, ikakubali. Nikarudia lake, ikakataa.

Sasa, mimi si mjinga wa kila kitu. Kama ruhusa iko na mimi siioni, basi iko juu. Iko kwa diputi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilibeba sahani yangu ya chakula cha mchana, nikapanda kwenye benchi la bwalo la maakuli, nikatangaza: "Mabwana! Sisi tunakula wadudu, huyu jamaa ako na ruhusa ya siri kwa diputi! Kesho wanaenda fungate!"

Walicheka. Halafu kicheko kikakatika meza kwa meza, kama mtu anazima taa. Nahodha wa raga aliweka kikombe chake chini.

"Wee," akamwambia rafiki yangu. "Ati diputi amekupea ruhusa ya nini?"

"Ni mambo ya nyumbani."

"Nyumbani gani? Si ulituambia baba yako ako Doldol ananunua ng'ombe?"

"Ako huko."

"Sasa siri ni ya nini? Ng'ombe ni ya diputi?"

Hakuna aliyecheka tena. Rafiki yangu alinitazama mimi, si yeye. Angesema sentensi moja tu angeponea, lakini aliuma meno akainama kwenye sahani yake. Wakamburuta kwa kola mpaka kwenye karo tunakofulia nguo.

Walimpiga kwa mishipi, upande wa chuma. Walimpiga kwa fimbo za hoki. Mmoja alimshika nywele akamzamisha uso kwenye maji ya sabuni, akamtoa, akamuuliza, "Ulitajia diputi nani?" akamzamisha tena. Maji yakawa ya waridi. Nilijipenyeza katikati nikipiga kelele, "Ni mzaha! Ni mimi niliandika! Hakuna kitu!" Kiwiko kikaniingia mdomoni, jino langu la mbele likaenda zake. Nilianguka, nikaona kiatu cha nahodha kikirudi nyuma kisha kikienda mbele kifuani mwa rafiki yangu, tena na tena, na ile sauti. Mpaka leo nikisikia mtu akivunja kuni huondoka hapo.

Mwalimu wa kompyuta na bawabu ndio waliomtoa. Walimbeba kwa pikapu ya maziwa, kichwa chake kikining'inia katikati ya mikebe, hadi hospitali ya Nyeri.

Jumatatu mama yangu aliitwa. Wakati anangoja nje kwenye benchi, diputi alikuwa amenilaza chini ofisini. Mwalimu wa kompyuta alisimama pembeni, tai imepinda, akijishtaki mwenyewe bila kuulizwa. "Kosa ni langu, bwana diputi. Ningeweka uongo pale ngazi ya chini. Ruhusa ya bandia, ati anaenda kung'olewa jino, chochote. Kijana angeiona na asingeuliza zaidi. Mashine ilificha ruhusa, lakini kule kukataa kukamwambia iko."

Diputi hakumsikia. Alikuwa anachapa na kunguruma, neno moja kwa kila kiboko: "Mwenzako! Alikuwa! Aende! Kumuona! Baba yake! Jela!"

Mwalimu alifunika uso. Dirisha lilikuwa wazi, kuanzia karani hadi wale waliokuwa wakifyeka nyasi wote walisikia. Siri iliyolindwa kwa ngazi tatu na maneno ya siri ilitolewa na aliye juu kabisa, juu ya matako yangu. Ningecheka, wallahi, kama ningekuwa na pumzi. Badala yake nililia, na si kwa kiboko.

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililoniogopesha. Tulishuka mpaka barabarani. Alikuwa amepitia hospitali asubuhi, kabla ya kuja shuleni. Gauni lake bado lilinuka dawa. Gari la kwenda mjini lilipotokea alinyoosha mkono kulisimamisha, akasema bila kunitazama:

"Tunaenda kumuona. Utamwomba msamaha, ukae chini, unyamaze. Mama yake akiwa hapo, wewe hujui kitu ya baba yake. Na usithubutu kumchekesha, mbavu yake imevunjika."