Uso wa Tluway

"Binti, wewe uliyesoma, katuni inamzuiaje askari mwenye bunduki?" Afisa Habari aliniuliza hivyo asubuhi yangu ya kwanza kazini Karatu, wakati wa vita vya Kagera. Chuo kikuu nilikuwa nimewahoji walimu mpaka wakanichoka. Siku hiyo niliuliza tu meza yangu iko wapi.

Tulikuwa wachoraji wawili. Tluway, kijana wa kijiji cha Daa, ndiye aliyenifundisha kukata stensili, karatasi ya nta unayoichora kwa kalamu ya chuma ili mashine itoe nakala. Hakuna kufuta. Mkono ukiteleza, kiongozi wa wavamizi anapata pua mbili.

Mimi nilimchora kiongozi huyo kama fahali mnene anayeburutwa machinjioni. Tulipobandika nakala kijijini Oloipiri, wazee wa Kimaasai walimtazama kwa heshima. Mmoja akauliza, "Fahali mzuri namna hii mnamchinja kwa nini?"

Tluway alicheka njia nzima ya kurudi. "Dada msomi, umemsifia adui. Mchore mdogo. Ukishamcheka mtu, huwezi tena kumwogopa."

"Na watu wasipocheka?"

"Basi mchore mdogo zaidi."

Baadaye akajiunga na mgambo, akaenda vitani. Nilikata stensili peke yangu, adui akipungua ukubwa kila wiki, hadi Afisa Habari aliponiita na kufunga mlango. Tluway alikuwa ameuawa, akazikwa huko huko vitani.

Mama yake alikuja ofisini. Hakuwa na picha yake hata moja. "Mwanangu, wewe ulikaa naye. Nichoree."

Nilijaribu kumchora kwa adabu. Kila mara akatoka mtu mwingine. Mwishowe nikamchora kama tulivyomchora adui: masikio makubwa, shingo ndefu, meno yote nje. Nilimkabidhi mama yake karatasi hiyo nikiona haya.

"Huyu ndiye," akasema. Akacheka, halafu akalia.

Sikubaki na nakala. Nimestaafu na kabati limejaa nyuso za adui, wa Tluway haumo. Vijana wanaochora kwenye simu huniuliza kama kazi yetu ilisaidia vita. Sina hakika hadi leo. Nilichotamani miaka yote hii ni kuyaona tena masikio yale.

Mwaka jana mama yake alipofariki, nilikwenda Daa kuhani, nikaomba niitazame tu ile karatasi. Dada yake Tluway akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi fupi lenye msalaba wa mbao. Walikuwa wameizika humo wiki ile ile niliyoichora, ndani ya sanduku dogo, padri akiisomea sala zote za maiti.